Menyu ya Mgeni: Historia ya Usanidi wa Kerneli ya Linux katika Mashine Pepe

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa kwa programu nyingine zote, na kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, humtaka anayeijenga aamue kwanza ni sehemu zipi ziingie na zipi ziachwe. Uamuzi huo huhifadhiwa katika faili la usanidi lenye maelfu ya machaguo, na mengi kati yake hujibiwa kwa ndiyo, kwa hapana, au kwa kuagiza sehemu husika ijengwe kama moduli ya kupakiwa baadaye. Tangu mwishoni mwa mwaka 2002 machaguo hayo yameandikwa kwa lugha ndogo iitwayo Kconfig, kazi ya Roman Zippel, ambayo huyapanga katika menyu na kubainisha lipi hutegemea lipi.

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, ni kongwe kuliko Linux, kwa kuwa IBM ilianza kuziendesha katika miaka ya 1960 huko Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wake wa VM/370. Prosesa za familia ya x86, ambazo baadaye zilienea duniani kote, hazikubuniwa kwa kazi hiyo: baadhi ya amri zake, zikitolewa na mfumo usio na mamlaka kamili, hazikusababisha kosa la kunaswa na programu inayosimamia mashine pepe, bali zilitoa jibu lisilo sahihi kimyakimya. VMware ilikwepa kikwazo hicho mwaka 1999 kwa kutafsiri upya msimbo wa mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, wakati unaendeshwa, ilhali watafiti wa Cambridge nyingine, ile ya Uingereza, walieleza mwaka 2003 njia tofauti katika mradi wa Xen, ambapo kerneli ya mgeni hurekebishwa ili ijue kwamba iko chini ya haipavaiza, yaani programu inayosimamia mashine pepe, na iombe huduma kwake waziwazi.

Njia ya Xen ndiyo iliyoifanya hali ya ugeni kuwa suala la usanidi, na mara moja ikazua mvutano, kwa sababu VMware nayo ilikuwa na kiolesura chake, VMI, na hakuna aliyetaka kerneli igawanyike kwa kila haipavaiza. Suluhisho, lililoingia katika toleo 2.6.20 mwezi Februari 2007, lilikuwa jedwali la vitendo lililoitwa paravirt_ops: kerneli inapowaka hutambua mahali ilipo, hujaza jedwali kwa vitendo vinavyofaa, na kwenye mashine halisi huandika amri za kawaida juu ya miito ya jedwali hilo ili gharama ibaki ndogo. Kwa hiyo kerneli moja iliyokwisha kujengwa iliweza kutumika kotekote, jambo lililowafaa sana wasambazaji wa Linux. Ndani ya mwaka mmoja VMI, Xen, haipavaiza ndogo ya lguest ya Rusty Russell na viendeshi vya virtio, yaani vya vifaa vya mashine pepe kama diski na mtandao, vilikuwa vimeingia, kila kimoja na machaguo yake.

Mpangilio haukwenda sambamba na kasi hiyo. Kulikuwa na menyu ya wageni iitwayo PARAVIRT_GUEST, ambayo maelezo yake yalikiri kwamba yenyewe haikuongeza msimbo wowote, huku kiendeshi cha diski ya virtio kikikaa miongoni mwa viendeshi vya diski na cha mtandao miongoni mwa vya mtandao, hivi kwamba aliyesahau cha diski alijenga kerneli iliyokwama kwa kukosa diski yake ya msingi. Chaguo la kufuli za kuzunguka linastahili kuangaliwa kwa karibu. Kufuli ya aina hiyo huifanya prosesa izunguke ikisubiri zamu, na mgeni huumia pale prosesa pepe inayoshika kufuli inapositishwa na haipavaiza huku nyingine zikizunguka bure. Mwaka 2009 iligundulika kwamba dawa ya tatizo hilo ilizipunguzia kasi hata mashine zisizo na mgeni yeyote, hivyo msanidi wa kerneli Jeremy Fitzhardinge akaitenga katika chaguo lake lenye onyo. Baada ya kufuli hizo kuandikwa upya, maelezo yalibadilishwa kusema kwamba athari kwa mashine halisi ni ndogo mno.

Mwaka 2013, katika toleo 3.10, msanidi mwingine, Borislav Petkov, aliyakusanya machaguo hayo chini ya HYPERVISOR_GUEST, ambayo, tofauti na mtangulizi wake, ilibeba kazi halisi: utambuzi wa haipavaiza, unaofanywa kwa kuiuliza prosesa na kusoma saini ya herufi chache, kama vile XenVMMXenVMM au VMwareVMware. Toleo hilohilo lilileta amri ya kvmconfig, iliyowasha kwa pamoja mahitaji ya mgeni wa KVM, haipavaiza iliyo ndani ya Linux yenyewe, kuanzia konsoli hadi virtio. Mabadiliko haya hayakuongeza uwezo wowote mpya wa kiufundi, lakini yanastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa kwa kawaida kwa kazi ya kupanga, kwa maana yalimwondolea mjenzi ulazima wa kuijua historia yote iliyotangulia.

Wakati huo baadhi ya yaliyopiganiwa yalikuwa yamekwisha kupitwa na wakati. Prosesa za Intel na AMD zilipata msaada wa mashine pepe ndani ya maunzi kuanzia mwaka 2005 na 2006, VMI ikaondolewa katika toleo 2.6.37, na lguest ikafuata mwaka 2017. Mwaka 2022 menyu ilipokea chaguo la Intel TDX, kwa ajili ya mgeni ambaye kumbukumbu yake husimbwa ili hata mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayomwendesha, asiisome, ilhali chaguo la AMD lenye lengo linalokaribiana liko nje ya menyu hiyo, kwa sababu hutumika pia kusimba kumbukumbu ya mashine halisi.