Safu ya Lugha: Geji

Katika istilahi za mafundi wetu neno geji limebeba maana mbili: ya kwanza ni chombo chenye mshale kilicho mbele ya dereva, ya pili ni kadiri ya unene, na hapo hesabu huenda kinyume, kwani kama bati la geji 30 lilivyo jembamba kuliko la geji 28, ndivyo waya wa geji 10 ulivyo mwembamba kuliko wa geji 4.

Basi mwenye lori kuukuu la Dodge, madhali ameazimia kung'oa dainamo yake ya asili na kutia altaneta ya ampea 60 au zaidi, hana budi kuzitafakari maana zote mbili. Kwa kuwa katika malori yale ya Marekani mkondo wa kuchaji betri hupitia nyuma ya dashibodi, ndani ya geji ya ampea, waya uliotosha zamani huweza kupata moto hata ganda lake likayeyuka.

Lililo aula, kwa rai yangu, ni geji ya volti, ambayo haibebi mzigo huo, nayo katika mfumo wa volti 12 husoma takriban 12.6 injini ikizimwa na 14 hivi ikichaji; ilhali altaneta yenyewe huungwa na betri kwa waya mnene wenye fyuzi. Na dukani, ambako waya aghalabu huuzwa kwa milimita za mraba, tahadhari: huko namba kubwa ndiyo nene.