Madoa meupe ya ulimi
Madoa meupe ya ulimi ni dalili yenye vyanzo vingi. Daktari wa meno huushika ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta nje taratibu na kukagua kingo zake hadi nyuma, mahali ambapo saratani ya ulimi huanzia mara nyingi. Utando unaofutika na kuacha wekundu kwa kawaida ni fangasi aina ya kandida, wanaoshamiri kwa wenye kisukari, VVU au meno bandia. Usiofutika unatia shaka zaidi, hasa kwa mtumiaji wa tumbaku. Ila michirizi myeupe ya pembeni huweza kuletwa na virusi vya Epstein-Barr kinga ikishuka. Kidonda kinachopitisha wiki 2 bila kupona, hata kisipouma, hukatwa kinyama kidogo kikapimwe maabara, na kuchelewa hapo ni hatari.