Kitabu cha Picha Kwenye Sanduku la Bibi Harusi: Historia Fupi ya Kulea Moyo wa Mtoto



Kila msimu wa harusi tunaulizana yale yale: vitenge vingapi, kanga doti ngapi, udi gani, hina achore nani. Somo anamfundisha bibi harusi kupika, kujipamba na kumtunza mume. Yote ni mema. Lakini mwaka mmoja baadaye, Mungu akijaalia, yule bibi harusi ana mtoto mikononi. Miaka miwili tena, mtoto anajitupa chini na kulia kwa sababu kikombe chake kimechukuliwa na mwenzake. Hapo hakuna somo wala mwalimu, na wengi wetu tunaishia kwenye kofi au kwenye simu, mtoto apewe katuni anyamaze.

Leo tunataka kuitazama historia. Wazee wetu waliufundishaje moyo wa mtoto, yaani hasira, hofu, wivu na huruma yake? Na kitabu cha picha kiliingiaje katika kazi hiyo? Tunaandika kutoka Ipinda, Kyela, njia ya kwenda Matema, kwenye mpunga, kakao na michikichi. Ni mbali na visiwa vyenu, lakini mtoto wa hapa na mtoto wa Unguja wanalia kwa sababu zile zile.

Kabla ya kitabu kulikuwa na jioni

Hapa Unyakyusa zamani palikuwa na desturi ambayo wageni waliistaajabia sana. Mtoto wa kiume akifika kama miaka kumi, alihama nyumba ya baba yake na kwenda kulala na wenzake wa rika moja, wakajenga vibanda vyao pembeni. Kula walikula kwa mama zao, na mara nyingi walikwenda kwa kikundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakikua na kuoa, pale pale pakawa kijiji chao. Watafiti wawili, mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, waliishi na Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya marika.

Kitabu hicho kinaeleza neno ambalo bado tunalo, *ukwangala*. Ni kukaa pamoja na wenzako kwa raha, kuzungumza, kula na kutaniana bila kuchokana. Wazee waliamini kuwa adabu na busara hupatikana hapo, katika mazungumzo. Mtoto mchoyo aliambiwa na wenzake, na mwenye hasira alijifunza kuishusha, la sivyo angekula peke yake. Mafunzo ya moyo yalikuwa ni watu na muda wa kukaa nao.

Pwani na visiwani palikuwa na bibi na hadithi zake. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Humo mna kisa ambacho wengi wetu tumekisikia kwa namna moja au nyingine, cha kima na papa. Papa anambeba kima mgongoni hadi katikati ya bahari, kisha anamwambia kwamba moyo wake unahitajika uwe dawa ya sultani. Kima anaogopa, lakini hapigi kelele. Anatulia, anafikiri, anasema moyo wake ameuacha nyumbani mtini, warudi wakauchukue. Wakifika ufukweni, anaruka juu ya mti na kupona.

Ukimsimulia mtoto kisa hiki, umemfundisha jambo ambalo wataalamu wa leo wanaliandikia vitabu vinene: hofu inakuja, unaihisi, halafu unavuta pumzi na kufikiri. Bibi hakuhitaji semina. Alihitaji jioni, mjukuu na sauti ya kubadilisha anapoigiza papa.

Picha ilikotoka

Kitabu cha picha kwa ajili ya mtoto kina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1658 mwalimu mmoja wa Ulaya ya Kati, Jan Amos Comenius, alitoa kitabu kilichoweka picha ya kitu na jina lake pamoja. Hicho ndicho kinachotajwa mara nyingi kuwa kitabu cha picha cha kwanza kilichotungwa mahususi kwa watoto. Aliona kuwa mtoto hufundishika kwa macho kabla ya maneno.

Comenius alikuwa pia askofu wa jumuiya ya Kikristo ambayo kanisa la Moravian linajihesabu kuwa mrithi wake. Na Wamoravian ndio waliofika Rungwe, milimani juu yetu, mwaka 1891. Wamisionari wa Berlin nao walijenga vituo ufukweni mwa Ziwa Nyasa katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo kusoma kwa herufi za Kilatini kuliingia nchi hii kupitia misheni. Lakini vitabu walivyoleta vilikuwa vya ibada na vya kujifunza kusoma. Kitabu cha picha cha mtoto wa miaka mitatu, cha kupakatwa naye na kucheka naye, hakikuwa kazi ya misheni wala ya serikali ya kikoloni.

Miaka ya vitabu vichache

Baada ya uhuru nchi ilikimbilia elimu kwa nguvu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na mwaka huo huo, tarehe 9 Desemba, Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na kufikia 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa. Madarasa yakajaa. Mama zetu wengi walisoma kwa sababu ya hatua hizo, na sisi tunaoandika leo ni matunda yake.

Lakini vitabu havikuwatosha. Miaka ya 1980 uchumi ulikuwa mbaya, karatasi ni shida, na kitabu kimoja cha kiada kilishikwa na watoto wengi. Kitabu cha hadithi chenye picha nzuri kilikuwa kitu cha kuona kwa mbali, kwenye kabati la mwalimu mkuu.

Ndipo wanawake na wanaume wachache wakafanya kazi ambayo hatuwapi shukrani ya kutosha. Mwaka 1989 ilianzishwa kampuni ya uchapishaji ya E & D ya Dar es Salaam, na mwandishi Elieshi Lema akiwa mmoja wa waanzilishi wake; mama huyu ameandika vitabu kadhaa vya watoto kwa Kiswahili. Mwaka 1991 Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota. Na mwaka huo huo 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada.

Mfanyabiashara yeyote atauelewa mradi ule upesi. Mchapishaji alikuwa anaogopa hasara, kwa sababu akichapa kitabu cha mtoto nani atanunua? Mradi ukamwambia: leta mswada, ukifaa chapisha nakala 5,000, sisi tutanunua 3,000 tuzipeleke shuleni, zilizobaki uza mwenyewe. Soko likawa na uhakika. Waandishi na wachoraji wakapewa mafunzo. Watoto wakaanza kuona vitabu vyenye nyumba kama zao, mama mwenye kanga kama mama yao, embe na muhogo badala ya theluji.

Hili la mwisho ni kubwa kwa moyo wa mtoto. Mtoto akiona kwenye kitabu mtoto mwenye sura kama yake amenuna kwa sababu mdogo wake amezaliwa, anajua hayuko peke yake na wivu ule.

Bi Swafiya na chuo chenye vinyago

Dada zetu wa visiwani, hapa historia inaingia nyumbani kwenu. Miaka ya 1980 wazazi wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaingia shule bila maandalizi, na hawakutaka kuwapeleka mahali ambapo dini yao haitatajwa. Mwalimu mmoja wa Kiislamu, Bi Swafiya Said, kwa kuungwa mkono na Mfuko wa Aga Khan, alianza kusaidia jamii kufungua madarasa ya watoto wadogo ndani ya mazingira ya madrasa. Kazi hiyo ikavuka hadi Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Walichofanya kilikuwa chepesi na chenye hekima. Mtoto alisoma Qur'ani na dua zake, na hapo hapo akacheza, akapanga vifuu vya nazi na vifuniko vya chupa, akasimuliwa hadithi, akaulizwa: leo unataka kufanya nini? Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wakafunzwa. Mtoto aliyeulizwa anataka nini hujifunza kusema anachohisi. Wapo miongoni mwenu, wasomaji wetu, waliopita kwenye madarasa hayo na leo ni mama.

Sunna ilitangulia

Tusidhani kuwa kuuliza hali ya moyo wa mtoto ni mambo ya kizungu. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas, mtoto aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipomkuta mtoto huyo ana huzuni, alimwita kwa jina lake la heshima na kumuuliza habari za kindege chake. Mtu mwenye mzigo wa umma mzima alikuwa na nafasi ya huzuni ya mtoto mmoja.

Imo pia habari ya Aqra' bin Habis, aliyeshangaa kumwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Akajibiwa kuwa asiyerehemu harehemewi. Tukumbuke hilo tunapowaambia wavulana wetu kuwa mwanamume halii.

Wapo wanaotuuliza kuhusu picha. Wanazuoni wametofautiana katika picha za viumbe, na kila mmoja amuulize anayemwamini katika elimu. Ila inafaa tujue kuwa Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, alikuwa na vinyago vya kuchezea utotoni, na wanazuoni wengi wameitumia habari hiyo kuruhusu vitu vya kuchezea na kufundishia watoto. Anayetaka kujiepusha zaidi ana mengi ya kuonesha: mtumbwi, mwezi, mgomba, msikiti, mvua, ziwa lililochafuka na ziwa lililotulia. Ziwa lililochafuka ni picha nzuri sana ya hasira.

Jioni zetu za sasa

Vijiji vya marika havipo tena Ipinda. Mashamba ni madogo, vijana wako Mbeya, Tunduma na Dar es Salaam, bibi yuko mbali na mjukuu. Msimu wa kupandikiza mpunga mama anarudi jioni mgongo umekatika. Kinachomsubiri mtoto ni simu. Hatuilaumu simu yote. Vipo vipindi vizuri vya Kiswahili kama *Akili na Mimi* vya Ubongo, vilivyotengenezwa Tanzania kwa watoto wadogo. Lakini simu haimtazami mtoto usoni. Haioni kuwa leo amenyamaza kupita kawaida.

Serikali yenyewe imeliona. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa miaka 0 hadi 8. Inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hayo malezi yenye mwitikio maana yake ni hii tu: mtoto akiita, ajibiwe, akilia, aulizwe, akicheka, achekewe.

Na kitabu cha picha ni kisingizio kizuri cha kufanya hivyo. Mpakate mtoto. Usikimbilie kusoma maneno. Muoneshe uso: huyu anahisije? Amekasirika? Kwa nini? Na wewe ukikasirika unafanyaje? Mpe majina ya hisia kwa lugha yenu, kwani Kiswahili kina huzuni, hofu, wivu, aibu, hamu, upweke, furaha. Mtoto mwenye jina la kitu hahitaji kuuma wala kujitupa ili akieleze. Dakika kumi baada ya Isha zinatosha. Hata mama asiyejua kusoma anaweza, kwa sababu picha haina herufi.

Kwa wenye cherehani na wasio nacho

Vitabu bado ni ghali kwa wengi, na huku kwetu havipatikani kila duka. Lakini vipo vitabu vya kitambaa. Kule London kampuni ya Dean's Rag Book ilianza kuvitengeneza mwaka 1903, kwa sababu watoto hutafuna na kuchana karatasi. Sisi mafundi cherehani tuna vipande vya vitenge kila siku chini ya meza. Kata vipande sita vya pamba nene, upana wa kiganja na nusu, vyote sawa. Shona juu yake maumbo ya rangi: jua, mtumbwi, nyumba, wingu jeusi, wingu jeupe, mwezi. Pinda kingo vizuri, kisha panga kurasa na piga mshono mmoja ubavuni, urudie mara mbili. Usiweke vifungo wala shanga, mtoto atavimeza. Kinafulika, hakichaniki, na hadithi yake unaitunga mwenyewe kila usiku.

Mwaka 1858 Mwana Kupona wa Pate alimwandikia binti yake utendi wa mawaidha, na mpaka leo tunautaja. Alimwachia binti maneno. Basi nasi tunapofunga sanduku la bibi harusi, kati ya kanga na udi, tumuwekee na kitabu kimoja cha mtoto, cha kununua au cha kushona. Atacheka, atasema mtoto bado. Mwambie akiweke tu, siku yake itafika, inshallah.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu watoto wenye nyoyo laini na ndimi za ukweli, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza.