Yatima wa Karatasi: Kurudi kwa Watoto wa Korea Walioasiliwa Ng'ambo

Katika makala hii twakusudia kuchunguza habari ya watu waliozaliwa Korea Kusini, wakapelekwa Marekani na Ulaya wakiwa watoto ili waasiliwe huko, kisha wakiwa watu wazima wakarudi kuishi katika nchi waliyozaliwa. Watoto waliopelekwa ng'ambo tangu vita vya 1950–1953 wakadiriwa kufikia 200,000. Waliorudi kukaa ni wachache sana wakilinganishwa na hesabu hiyo. Hata hivyo ni hao wachache waliolazimisha mambo yaliyofichwa kwa miaka 40 na zaidi yafunuliwe. Habari hii yatuhusu sisi wa Kanisa, kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa tendo la imani, na kwa kuwa watoto wengi walipokewa katika nchi za Kilutheri.

Mwezi Desemba 1954 mkulima na mfanyabiashara wa mbao wa Oregon, Harry Holt, pamoja na mkewe Bertha, walitazama filamu iliyoonyesha hali ya watoto wa Korea waliozaliwa na askari wa kigeni. Waliazimu kuchukua wanane. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikuruhusu familia moja kuasili zaidi ya wawili kutoka nje, hivyo mwaka 1955 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya pekee kwa ajili yao. Mwaka uliofuata Holt alianzisha mpango wa kuwapeleka watoto wengine kwa wazazi wa Kimarekani, akitaka wawe Wakristo waliozaliwa mara ya pili. Alifariki nchini Korea mwaka 1964, akazikwa huko huko. Hatuna sababu ya kuutilia shaka moyo wake. Lakini moyo mwema haukuzuia kazi hiyo kugeuka kuwa kitu kingine mikononi mwa waliofuata.

Nchi za Skandinavia ziliingia kwa njia ya hospitali. Wakati wa vita Sweden na Norway zilifungua hospitali Korea, nayo Denmark ikatuma meli ya hospitali iitwayo Jutlandia. Mwaka 1958 nchi hizo tatu zilishirikiana kufungua hospitali kubwa mjini Seoul. Urafiki huo ulifungua mlango, na maelfu ya watoto wakapelekwa huko. Ndugu msomaji atakumbuka kwamba makanisa ya nchi hizo hizo ndiyo yaliyotuma wamisionari kwetu. Waumini waliochangia shule na zahanati zetu huenda ndio waliomlea jirani mtoto wa Kikorea mwenye jina la Kidenmark.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Ili mtoto apewe viza ya kwenda kuasiliwa, alipaswa kuwa yatima. Wengi hawakuwa yatima. Baada ya miaka ya 1960 waliopelekwa hawakuwa tena hasa watoto wa askari, bali watoto wa maskini, na zaidi na zaidi watoto wa akina mama wasioolewa, wakiwamo wasichana waliotoka vijijini kufanya kazi viwandani. Huko Korea kila mtu aliandikwa katika daftari la ukoo, liitwalo hojuk, chini ya mkuu wa nyumba. Mtoto wa kupelekwa ng'ambo alifunguliwa daftari lake mwenyewe, naye akiwa peke yake ndani yake: hana baba, hana mama, mtoto mchanga aliye mkuu wa nyumba isiyo na watu. Kwa kalamu hiyo uyatima ulitengenezwa. Mwaka 1985 peke yake waliondoka watoto zaidi ya 8,800.

Hapa twaona vema tuingize neno la mafundisho. Sisi tunaofundisha nyaraka za Paulo tumezoea kueleza kwamba, anapolitaja tendo la kufanywa wana, mtume anatumia desturi ya sheria ya Kirumi. Wahubiri wengi waliounga mkono kuasili watoto wa mbali walijenga juu ya mafundisho hayo. Lakini desturi ya Kirumi kwa kawaida ilihusu wanaume wazima, kwa ajili ya urithi, nao walijua wametoka kwa nani. Kielelezo kilicho karibu zaidi ni Musa katika Kutoka 2. Binti Farao alimchukua akijua ni mtoto wa Waebrania, akamlipa mama mzazi mshahara wa kumnyonyesha, na Musa alipokua aliwaendea ndugu zake. Hakuna aliyehitaji kumfuta mama yake katika daftari. Hata kwetu, mtoto akilelewa na shangazi au mama mdogo, jina la ukoo wake halipotei.

Waliorudi ndio waliogundua maandishi hayo. Mwaka 1998 waliunda mjini Seoul chama chao cha kusaidiana, na mwezi Oktoba mwaka huo Rais Kim Dae-jung aliwaita 29 kati yao Ikulu, akawaomba radhi. Sheria ya 1999 iliwapa nafasi ya viza ya Wakorea wa ng'ambo, na tangu 2011 wanaweza kurudishiwa uraia bila kuukana ule wa pili. Jane Jeong Trenka, aliyelelewa Minnesota na kuandika kitabu juu ya maisha yake mwaka 2003, alihamia Seoul, akawa miongoni mwa waliopigania sheria iliyoanza kutumika Agosti 2012, inayotaka mahakama ithibitishe kila uasili na mtoto aandikishwe kuzaliwa kwake.

Maisha ya kila siku ya aliyerudi si mepesi. Sura yake ni ya wenyeji, kwa hiyo hakuna anayemvumilia kama anavyomvumilia mgeni: akishindwa kujibu dukani, hushangaliwa. Kikorea kina ngazi nyingi za heshima, nazo mtoto huzijua kwa kukemewa nyumbani. Yeye huzijifunza darasani akiwa na miaka 30. Wengi hujipatia riziki kwa kufundisha Kiingereza, lugha ile ile iliyochukua nafasi ya lugha ya mama yao.

Wako pia waliorudishwa bila kupenda. Wazazi wengine wa Kimarekani hawakukamilisha uraia wa watoto wao, na sheria iliyoanza kutumika Februari 2001 iliwasaidia tu wale waliokuwa hawajatimiza miaka 18. Baadhi ya waliobaki walipopatikana na makosa ya jinai walifukuzwa, wakatua Seoul bila ndugu wala lugha. Kuliita jambo hilo kurudi nyumbani ni kulitesa neno.

Tarehe 26 Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea, iliyopokea malalamiko ya watu 367, ilitamka kwamba serikali ilivunja haki za watoto hao, na kwamba hati zilighushiwa. Iliwatambua 56 kuwa waathiriwa. Oktoba mwaka huo Rais Lee Jae-myung aliomba radhi kwa niaba ya taifa, mwezi ule ule Mkataba wa The Hague wa 1993 ulipoanza kutumika nchini humo. Nchini Sweden tume ya serikali ilikwisha kupendekeza, Juni 2025, kukomesha kuasili watoto kutoka nje.

Lakini mama aliyejifungua mwaka 1972 akiwa na miaka 20 amepita sasa miaka 70. Anayemtafuta hupeleka ombi, na ofisi ya serikali humwandikia mama barua ya rejista. Huenda anaishi na mume asiyejua kwamba alizaa kabla ya ndoa, na barua inafika mlangoni mwa wote wawili. Asipojibu, jina na anwani yake havitolewi, isipokuwa kwa sababu za pekee kama matibabu. Na mtoto wake, aliyehamia labda vituo vichache tu vya treni kutoka hapo, haambiwi.