Maua hayasafiri, kinachosafiri ni agizo

Nilikuwa kimbwetani napekua madesa ya historia ya mawasiliano, telegrafu na ndugu zake, nikakumbana na stori ambayo haitatoka kwenye mtihani lakini imeninogea kuliko silabasi nzima. Ni ya wauza maua.

Hebu fikiria mtu wa Denver mwaka 1905 anataka kumpelekea dada yake New York maua mabichi, leo leo. Hawezi. Treni inachukua siku kadhaa, na ua lililokatwa halina subira. Likifika limelala kama mchicha wa juzi.

Berlin, mwaka 1908, muuza maua mmoja, Max Hübner, akaja na wazo rahisi mpaka unajiuliza kwa nini lilichelewa. Usisafirishe maua, safirisha agizo. Mteja analipa duka la mtaani kwake, duka linapiga telegramu kwa duka la mji wa mbali, na hao wa mbali wanafunga shada kutoka kwenye ndoo zao wenyewe na kulipeleka mlangoni. Huko ndiko ilikotoka Fleurop. Mwaka 1910 Wamarekani nao wakaanzisha Florists' Telegraph Delivery, na aliyewaongoza mwanzoni aliitwa John Valentine. (Ndiyo, Valentine. Sijatunga!)

Sasa utamu uko hapa. Telegrafu ilikuwepo miaka mingi kabla yao, kwa hiyo shida haikuwa mashine. Shida ilikuwa kuaminiana. Wa Denver atajuaje kama wa New York hatafunga maua ya juzi? Na wa New York atalipwa na nani? Ndiyo maana wakaunda chama: ukiharibu unatolewa, na mahesabu yanafanyiwa katikati. Kwa desturi duka lililopokea mteja lilibaki na kama asilimia 20, nyingine zikaenda kwa aliyefunga maua, ukitoa makato ya chama. Mwaka 1946 vyama vya Ulaya, Uingereza na Marekani vikaungana kimataifa kwa jina la Interflora, na kwa kuwa kila nchi ina hela yake, wakawa na kipimo chao cha kuhesabia madeni, fleurin, kilichofungamanishwa na faranga ya Uswisi. Watu wa uchumi mpo? Wauza maua walikuwa na sarafu yao!

Ila msidhani haraka ya maua ni ya wazungu peke yao. Unguja, Mombasa na Lamu asumini huchumwa ingali vitumba, ikatungwa koja au ikatiwa kwenye kikuba pamoja na rehani na mkadi, ili ifumbuke usiku ikiwa imeshavaliwa. Asubuhi imekwisha. Telegramu ya nini pale, wakati mtungaji, bi harusi na mtoto wa kutumwa wote wako mtaa mmoja?

Shida inaanza watu wakiwa mbalimbali, kama sisi. Mwaka jana mwenzetu darasani alifiwa na baba yake, Songea. Taarifa tulipata usiku, mazishi kesho yake saa nane mchana. Boom lilikuwa halijatoka lakini tulichangishana, na rambirambi ikaenda kwa simu usiku ule ule. Likabaki shada. Mnajua mambo ya makaburini: wanaitwa watoto, wajukuu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, halafu "wanafunzi wenzake na mtoto wa marehemu", na hapo asitokee mtu? Kutoka Dar ni karibu kilomita elfu moja, basi lisingewahi.

Dada mmoja wa darasani kwetu akakumbuka ana binamu anafundisha sekondari kule. Akampigia, tukamtumia hela, na asubuhi yule mwalimu akaenda kwa mama mmoja anayetunga mashada, akachagua maua mabichi, akaandikisha kikaratasi "Kutoka kwa darasa lake". Saa sita alitutumia picha. Tulipoitwa makaburini, aliyesogea kuweka shada ni mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona hata kwa sura.

Mwenzetu aliporudi chuo, kitu cha kwanza alichouliza ni jina la yule mwalimu.