Taka za Kilwa: tuanze kutenganisha jikoni

Wadau, leo tuongee taka. Kilwa Masoko inakua, ila mazoea ni yale yale: chimba shimo nyuma ya nyumba, tupa, choma moto. Enzi za makumbi na maganda ya muhogo ilikuwa poa tu. Siku hizi humo humo mna chupa za plastiki, pampasi na betri. Moshi wake tunauvuta wenyewe. Zinazotupwa ufukweni, maji yakijaa zinanasa kwenye mikoko, ambako kamba wadogo hukulia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazipa halmashauri kazi ya kusimamia taka ngumu, tena zitenganishwe kule kule zinakozalishwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini chupa bado zipo.

Nyumbani mimi nagawa mafungu matatu:

1. Zinazooza: maganda, mabaki ya chakula. Hizi ndizo nyingi. Changanya na majani makavu, geuza mara kwa mara. Baada ya miezi kadhaa una mboji ya mchicha.
2. Za kuuza: vyuma chakavu, makopo, chupa. Zisuuze kwanza.
3. Za hatari: vioo, nyembe, betri. Zifunge peke yake, mzoa taka anashika kwa mikono.

Kinachobaki ni kidogo na hakinuki, hata mkokoteni unakibeba gari likichelewa. Ila wakizoa na kuchanganya tena, kazi bure! Hilo tulibebe kwenye mkutano wa kitongoji.

Nawakilisha.