Kabla ya Kununua Nozeli Kubwa, Soma Hii Historia

Watu wangu, leo tuongee kuhusu kitu kidogo kuliko ukucha ambacho kinaweza kukumalizia injini: nozeli ya maji na methanoli. Wasee wa Subaru za turbo hapa Isiolo mnajua hii stori. Unanyunyizia injini huo mchanganyiko, joto linashuka, fundi anaongeza busti, gari inapaa. Swali linalofuata huwa moja: "Niweke saizi gani?" Na jibu la gereji nyingi ni neno moja: kubwa.

Mimi nasema hilo jibu ni baya, na historia iko upande wangu.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Turbo inashindilia hewa, na hewa ikishindiliwa inapata moto. Ikiwa moto sana, petroli inawaka yenyewe kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga. Ikigonga kwa muda ukiwa kwenye busti, pistoni inatoboka. Hapo ndipo maji yanaingia. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inameza joto la kilojuli 2,257 hivi. Methanoli inameza karibu nusu ya hapo, na petroli hata moja ya tano haifiki. Ila methanoli inaungua, kwa hivyo inapoza na pia inaongeza mafuta.

Hii kitu haikuanzia YouTube. Kwenye Vita Vikuu vya Pili, ndege ya Marekani, P-47 Thunderbolt, ilitumia maji kupandisha injini yake kutoka farasi 2,000 hadi takriban 2,300. Wajerumani walikuwa na mchanganyiko wao, MW 50: nusu methanoli, karibu nusu nyingine maji, na tone la mafuta ya kuzuia kutu. Rubani aliruhusiwa kuutumia kama dakika 10 kwa mpigo, kisha apumzishe injini. Hata vitani, mtu akiwa anakimbizwa na risasi, ilikuwa dawa ya kipimo.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu tu. Miaka ya 1960, East African Airways ilirusha ndege za Fokker F27 zenye injini za Rolls-Royce Dart. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mchana wa jua inazidi kuwa nyepesi, kwa hivyo injini inapoteza nguvu wakati ndege inaihitaji zaidi, yaani kupaa. Dart zilitengenezwa na mfumo wa maji na methanoli kwa sababu ya viwanja vya aina hiyo. Kiasi kilikuwa kwenye vitabu vya ndege. Hakuna fundi aliyesimama Embakasi akasema "weka kubwa tuone."

Sasa njoo kwenye magari, ndipo somo linauma. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile, Marekani, ilitoa Jetfire, moja ya magari ya kwanza ya turbo kuuziwa raia. Ilikuwa na V8 ya lita 3.5, farasi 215, na ilibanwa sana, 10.25 kwa 1. Bila kupozwa ingegonga, basi wakaiwekea tanki la maji na methanoli. Wakaliita Turbo-Rocket Fluid. Jina tamu, ama?

Shida ilikuwa wenye magari. Wengi walisahau kujaza tanki. Likiisha, mfumo ulikata busti kuokoa injini, na mtu analalamika gari yake imekuwa mzembe. Kufikia 1963 Jetfire ilikuwa imekwisha, na baadaye nyingi ziling'olewa turbo zikawekewa kabureta ya kawaida. Nozeli haikuwa na makosa. Gari ilitegemea tanki, na tanki lilitegemea binadamu.

Shika hilo, kwa sababu ndilo linaamua saizi ya nozeli yako.

Nozeli haichaguliwi kwa busti wala kwa sifa. Inachaguliwa kwa petroli unayochoma. Kanuni ambayo wengi huanzia ni asilimia 10 hadi 15 ya petroli. Injini ya farasi 300 ikikanyagwa hadi mwisho inakula karibu lita 1.8 kwa dakika. Kwa hivyo unatafuta mililita 180 hadi 270 kwa dakika. Basi.

Angalia pia presha. Namba iliyoandikwa kwenye nozeli ilipimwa kwa presha fulani, na gari yako ina presha yake. Tuseme ni mililita 200 kwa psi 100. Pampu yako inatoa 150, lakini busti ya 15 inairudisha nyuma, unabaki na 135. Nozeli haitatoa asilimia 35 zaidi. Inafuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hivyo utapata karibu 232. Fundi akikwambia saizi bila kuuliza presha ya pampu, anakisia.

Ukiweka kubwa kupita kiasi, moto unazimwa ndani ya silinda, gari inakohoa. Fundi naye, badala ya kupunguza nozeli, anaongeza busti na kusogeza cheche mbele hadi ikohoe kidogo. Sasa injini yako inaishi kwa maji. Nozeli ya mililita 250 inamaliza tanki la lita 5 kwa dakika 20 za busti kamili. Ya 500 ni dakika 10. Fikiria likiishia kati ya Archer's Post na Laisamis, jua kali, maji ya betri hakuna, na yale ya kisima yana chumvi ya kuziba nozeli. BMW walipotoa M4 GTS mwaka 2016 na tanki la maji la lita 5, waliipanga gari ijipunguze nguvu yenyewe tanki likikauka. Kama yako haina kinga hiyo, nozeli kubwa ni deni.

Na kuna deni baya zaidi. Mwaka 2000 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Mwaka 2014 ikaua tena makumi katika kaunti kadhaa. Wengine walibaki vipofu. Methanoli haina rangi, na inanuka kama pombe tu. Kwa hivyo ukiiona kwenye chupa ya soda kwenye rafu ya gereji, usinyamaze. Iwekwe kwenye mtungi wake, iandikwe SUMU, ifungiwe. Kuna mtoto anakuja kumtembelea baba yake hapo.

Msimamo wangu: anza na nozeli ndogo kwenye hesabu yako, weka kinga ya tanki tupu kabla ya kugusa busti, kisha panda polepole. Marubani wa vita walihesabu dakika zao. Wewe unayeenda tu Marsabit unaharakia nini?